CRJ au Airbus: fundi kijana wa Entebbe asomee ndege ipi?

Mpwa wangu alinikuta Kitooro Jumapili moja, bahasha ya kaki mkononi na swali mdomoni. Amemaliza masomo ya ufundi wa ndege Soroti, amejishikiza mahali anapojifunzia kazi, na sasa inambidi achague kozi ya aina ya ndege: CRJ, ile ndogo ya safari fupi, au Airbus kubwa. Ukoo umechanga, na zilizopatikana zinatosha kozi moja. Rolex yangu, ile chapati ya kukunjiwa mayai, ilikuwa bado kwenye kikaango.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kaa, ule kwanza."

"Nisomee CRJ au Airbus?"

Kwa asiyeijua kazi hii: leseni ya fundi wa ndege si kama pamiti ya gari, kwamba leo unaendesha Premio na kesho Noah. Fundi hatii sahihi kuwa ndege iko sawa kuruka mpaka awe ameisomea aina hiyo, bodi pamoja na injini yake. A330 yenye injini za kampuni hii ina ukurasa wake kwenye leseni, na A330 yenye injini za kampuni nyingine ina wake. Kozi ni ghali, ni ya wiki nyingi, na mara nyingi hufuatwa nje. Ukikosea kuchagua, umekosea na pesa za shangazi zako wote.

Mimi si fundi. Nasafirisha mizigo kupitia Entebbe, hasa minofu ya sangara. Ila mwaka 2020 ulinibadilisha macho. Zamani nikiona ndege nilijiuliza inaenda wapi na ina nafasi ya kilo ngapi. Siku hizi najiuliza kwanza ni nani aliyeitengeneza, na je, bado yupo?

Mwaka ambao anga lilinyamaza

Entebbe ilifungwa kwa abiria Machi 2020, ikafunguliwa tena tarehe 1 Oktoba. Wengi hawajui kwamba samaki wetu husafiri chini ya miguu ya abiria, kwenye tumbo la ndege ile ile inayobeba watu. Abiria wakikoma, tumbo nalo linakoma. Nakumbuka asubuhi moja ya wiki ile ya kwanza: makasha meupe ya povu yamepangwa, barafu inayeyuka, maji yanachuruzika sakafuni mpaka kwenye viatu vyangu, na dereva ananiuliza kama arudishe mzigo kiwandani au asubiri. Walioniahidi nafasi walinitumia ujumbe wa mstari mmoja. Jina lao nimelisamehe.

Duniani kote, safari za abiria mwaka ule zilishuka kwa karibu theluthi mbili. Mashirika ya ndege yalilia hadharani na kila mtu akayasikia. Jeraha la watengenezaji lilikuwa la ndani zaidi, na linahitaji kuelezwa. Anayenunua ndege hutoa arbuni, kisha malipo kidogo kidogo, lakini fungu kubwa hulipwa siku ya kukabidhiwa. Asipokuja kuichukua, ndege inabaki uani kwa mtengenezaji, imekamilika mpaka mikanda ya viti, na hakuna anayeilipia. Wakati huo huo aliyeleta mabawa anadai, aliyeleta magurudumu anadai, na mshahara wa mwisho wa mwezi haujui kama kuna korona. Aprili 2020 mkuu wa Airbus, Guillaume Faury, aliwaandikia wafanyakazi wake kwamba kampuni inavuja fedha kwa kasi isiyowahi kuonekana.

Waliobaki na kazi ni mafundi. Mpwa wangu alinieleza hili huku akichora kwenye bahasha: ndege iliyoegeshwa hailali kama gari. Magurudumu husogezwa kila baada ya muda ili matairi yasibonyee upande mmoja, injini huzibwa midomo, mifuko ya dawa ya kunyonya unyevu huwekwa ndani, na vile vijibomba vya mbele vinavyopima mwendo huvishwa kofia nyekundu. Mdudu mmoja akijenga humo, rubani anasoma mwendo wa uongo. Nilicheka kidogo, kisha nikafikiria wale wadudu wa ziwani wanaopanda asubuhi kama moshi wa kuni mbichi, nikaacha kucheka.

Ndege mbili, malezi mawili

Uganda ilinunua ndege zake wakati ambao, tukiuangalia leo, ulikuwa wa ajabu. CRJ900 mbili zilitua Entebbe Aprili 2019, nyingine mbili Oktoba mwaka huo huo. Airbus A330-800 ya kwanza ilikuja Desemba 2020 na ya pili Februari 2021, dunia ikiwa bado imefunika mdomo na pua. Nimeziweka pamoja hapa kama nilivyomwekea mpwa wangu nyuma ya bahasha yake:

| | CRJ900 | A330-800 |
|---|---|---|
| Zilizonunuliwa | 4 | 2 |
| Viti | 76 | 258 |
| Injini | General Electric CF34 | Rolls-Royce Trent 7000 |
| Mtengenezaji | Bombardier wa Kanada | Airbus wa Ulaya |
| Anayeitunza sasa | Mitsubishi wa Japani | Airbus mwenyewe |
| Kiwanda | Kilitoa ya mwisho 2021 | Kinaendelea na A330 mpya |
| Ndugu zake | CRJ za kila ukubwa, zaidi ya 1,900 zilitengenezwa | Za -800 ni za kuhesabu kwa vidole. A330 zote zinapita 1,400 |

Ukiisoma haraka utasema Airbus imeshinda. Subiri.

CRJ ni mtoto ambaye mama yake aliondoka. Bombardier ilianza kuumwa kabla ya korona. Ilijitwika mradi wa ndege mpya, CSeries, ukaila fedha mpaka deni likafika mabilioni ya dola, ikaanza kuuza vyombo vya nyumbani kimoja kimoja. CSeries ilichukuliwa na Airbus, ndiyo mnayoiona leo kwa majirani zetu wa Tanzania ikiitwa A220. Ndege za pangaboi za Dash 8 zilikwenda kwa De Havilland Canada. CRJ ikaangukia kwa Mitsubishi. Mauzo hayo ya CRJ yalitangazwa Juni 2019, miezi miwili baada ya ndege zetu za kwanza kutua. Ngoma za kuzipokea hazijapoa vizuri pale uwanjani, mzazi ametia sahihi ya kutoa watoto.

Biashara hiyo ilikamilika tarehe 1 Juni 2020, katikati ya lokdauni, kwa dola milioni 550. Februari 2021 kiwanda cha Mirabel, Quebec, kilimkabidhi mteja wa Marekani CRJ ya mwisho, kikafunga ukurasa. Bombardier ikabaki na ndege za matajiri peke yake.

Na Mitsubishi ilikuwa na hesabu zake. Ilikuwa ikijenga ndege ya abiria ya kwake, SpaceJet, na ilihitaji mtandao wa vipuri na mafundi wa kuihudumia duniani. CRJ ilikuwa nao tayari. Safari zilipoanguka, SpaceJet ilisimamishwa Oktoba 2020, na Februari 2023 ikazikwa rasmi. Ni kama mtu aliyenunua nyumba kwa ajili ya harusi, harusi ikavunjika, akabaki na nyumba na wapangaji wake.

Kwa mnunuzi hiyo ni habari ya kukunja uso, kwa sababu hawezi kuongeza ya tano iliyo mpya. Kwa fundi ni tofauti kabisa. Wapangaji wanalipa kodi. Mwenye CRJ leo hana ndege mpya ya kuuza, faida yake yote iko kwenye kuzitunza za zamani: vipuri, vitabu vya matengenezo, ushauri. Na kila shirika la Marekani linapostaafisha CRJ, ile ndege hukatwa, viungo vyake vikaingia sokoni. Huyu mtoto hana mama, lakini ana ukoo mkubwa na mashangazi wenye mikono mingi. Kitakachomtesha ni umri. Miaka ijavyo ukoo utapungua, na vipuri vitaanza kuwa vya kutafutwa kwa tochi.

A330-800 ni kinyume chake. Mama yupo, ana nguvu, lakini mtoto huyu hana wenzake wa rika. Wanunuzi wa -800 ni wachache mno: Kuwait walichukua kadhaa, sisi mbili, Greenland moja. Nilimwambia mpwa wangu kwamba ukiiona A330-800 angani, uwezekano ni mkubwa kwamba mna ujamaa.

Mama mwenyewe aliumia. Airbus ilikabidhi ndege 863 mwaka 2019, na 566 mwaka 2020. Ilipunguza uzalishaji kwa karibu theluthi, A330 ikashushwa hadi mbili kwa mwezi, ikatangaza kupunguza nafasi za kazi 15,000, na mwaka ukafungwa na hasara ya yuro bilioni 1.1. Serikali ya Ufaransa ilitangaza mpango wa yuro bilioni 15 kuinusuru sekta yake ya ndege. A330 zilizokabidhiwa dunia nzima mwaka ule zilikuwa 19, na moja ya hizo ndiyo iliyotua kwetu kuelekea Krismasi. Kuna watu walicheka: wenzetu wanaegesha, sisi tunapokea mpya. Nami nilicheka. Sasa natazama tumbo lake linavyomeza mizigo, nimepunguza mdomo.

Lakini fundi asiishie kwenye jina la Airbus. Aangalie injini. Trent 7000 ni ya Rolls-Royce, na Rolls-Royce aliumizwa na korona kwa namna ya peke yake. Injini kubwa za siku hizi nyingi hulipiwa kwa saa: shirika linatoa kiasi fulani kwa kila saa injini inayoruka, na mtengenezaji anabeba matengenezo. Mpango mzuri, mpaka siku injini zote zinapolala. Injini iliyolala haina malipo. Mei 2020 Rolls-Royce ilitangaza kuondoa nafasi za kazi zisizopungua 9,000.

Mpango huo wa saa unamgusa mpwa wangu moja kwa moja. Injini ikihitaji kazi nzito, inatolewa na kupelekwa kwa wenyewe. Fundi wa hapa anafungua, anakagua, anabadilisha kinachobadilishika, anafunga. Shirika lenye ndege mbili za aina moja kwa kawaida hupeleka pia ukaguzi mkubwa wa bodi kwenye karakana za nje. Kwa hiyo unaweza kuwa na Airbus kwenye leseni na mikono isiyojaa.

Kitu kinachoiokoa A330-800 kwa fundi ni dada yake mrefu, A330-900. Injini ni ile ile, mifumo ni ile ile kwa sehemu kubwa, na yeye amenunuliwa na wengi. Ukisomea ya Entebbe, umesomea na ya kwao.

"Na Boeing, mjomba?"

Aliuliza kwa sauti ya chini kidogo, kama watu wa ukanda huu tunavyoitaja. Machi 2019 ndege ya Ethiopian, 737 MAX, ilianguka dakika chache baada ya kuondoka Addis Ababa kuja Nairobi. Watu 157 walikufa, mmoja wao afisa mwandamizi wa polisi wa Uganda aliyekuwa akitumika Somalia. MAX zote zikazuiwa kuruka, kwa kuwa nyingine ilikuwa imeanguka Indonesia miezi mitano kabla.

Kwa hiyo korona ilimkuta Boeing tayari yuko kitandani. Mwaka 2018 alikabidhi ndege 806. Mwaka 2020 alikabidhi 157. Ni namba ile ile ya waliokufa, na sipendi kuiandika, lakini ndiyo iliyomo kwenye vitabu vyake. Hasara ya mwaka huo ilikuwa dola bilioni 11.9. Alikopa dola bilioni 25 sokoni kwa siku moja, mwishoni mwa Aprili, ili asishike fedha za serikali na masharti yake.

Ukiweka wawili hawa pamoja, Airbus aliugua ugonjwa uliompata kila mtu. Boeing aliugua huo na mwingine aliojiletea. Hata hivyo kwa fundi wa Afrika Mashariki Boeing si wa kupuuza: Addis Ababa wana kundi kubwa la Boeing na karakana yenye kazi za kweli, Nairobi wana Dreamliner, Dar es Salaam pia. Mpwa wangu akiniambia yuko tayari kula injera miaka kumi, tutaanza mazungumzo upya.

Wengine nitawapitia haraka. Embraer wa Brazili alikuwa aolewe na Boeing kwa dola bilioni 4.2, bwana harusi akajitoa tarehe 25 Aprili 2020, wakati mbaya kuliko wote. Ndege za abiria alizokabidhi zikashuka kutoka 89 hadi 44. Akajikongoja, akapona, na bado anatengeneza. Nairobi wana E190 zake, na injini zake ni za ukoo wa CF34 kama za CRJ yetu, ingawa za tawi jingine. Kozi utaisoma upya lakini mikono haitakuwa migeni. ATR wa pangaboi alikabidhi ndege 68 mwaka 2019, na 10 mwaka uliofuata. Kumi!

Halafu kuna Dash 8-400. Kiwanda chake kilisimamisha utengenezaji mwaka 2021. Kwa hesabu za soko hiyo ni ndege ya kuikimbia. Sasa geuka uitazame ramani yetu: Jambojet ya Kenya wanayo, Air Tanzania wanayo, RwandAir wanayo, Ethiopian wanazo nyingi. Kiwanda kimya, na kila kiwanja cha ukanda huu kina mtu anayetafuta fundi wake. Hapo ndipo hesabu ya mwenye kiwanda na hesabu ya fundi zinapoachana njia, na ndicho nilichotaka mpwa wangu akione kabla ya kulipa.

Nilivyomshauri

Kama angekuwa huru kabisa, hajafungwa na mtu wala mji, ningemwambia Dash 8-400, na najua wenzake wangemcheka kwa sababu ya yale mapangaboi. Kama lengo lake ni Ghuba au Ulaya, A330, bila kupepesa macho. Karakana za kule zinaijua na zitaendelea kuijua kwa miaka mingi, maana mtengenezaji alivuka mto na bado anazitoa mpya.

Lakini mama yake ni dada yangu. Anaishi Masaka, ana sukari, na huyu kijana ndiye anayempeleka kliniki. Hahami. Kwa anayebaki Entebbe nasema CRJ kwanza. Ni nne dhidi ya mbili. Zinaruka safari fupi, na safari fupi maana yake kutua mara nyingi: matairi, breki, milango inayofunguliwa na kufungwa siku nzima. Kazi iko pale, usiku, taa ya kichwani, mikono kwenye grisi. Fundi kijana hukomaa hapo upesi kuliko kando ya ndege kubwa ambako wazee wamepanga foleni.

Nilimpa na masharti mawili. La kwanza, kabla hajatoa hata shilingi, aulize kazini ni nani atakayemsimamia na kumtilia sahihi kitabu chake cha kazi. Kozi bila mazoezi yaliyosainiwa ni cheti cha kutundika sebuleni. La pili, asiifanye CRJ kuwa kabila lake. Ana miaka kadhaa ya kula humo, na katika hiyo aanze kuweka ya kozi ya pili, kwa sababu ndege ambayo kiwanda chake kimefungwa haizaliwi tena.

"Kwa hiyo wewe, mjomba, ungesomea ndege ambayo aliyeitengeneza ameikimbia?"

"Gari langu ni la mwaka 1998. Kiwanda kilishasahau kama kililitengeneza. Fundi wangu wa Kitooro anajenga ghorofa."

Alicheka, akamalizia rolex iliyokuwa yangu. Ndege ikapita juu ya paa za soko ikielekea ziwani, naye hakuinua kichwa, alisikiliza tu, akasema, "CRJ hiyo." Nikaangalia. Ilikuwa yenyewe, injini mbili nyuma karibu na mkia. Kisha akafungua bahasha, akatoa fomu, na kwenye mstari wa aina ya ndege akaandika CRJ900 kwa kalamu ya risasi.